Jino la Mia Moja Ishirini na Saba

Shule niliiacha darasa la sita. Karo ilikuwapo na akili sikukosa, ila sikuweza kuketi mahali pamoja. Mama alizoea kusema nilizaliwa siku ya safari. Kufikia miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa nimeshachekecha mchanga wa dhahabu kule Migori, nimeuza mafuta ya taa kwa kibaba, na nimechunga ng'ombe wa watu waliokuwa wakinisahau jina. Popote nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, kisha nikaondoka.

Mgodi mmoja karibu na Migori ulipofungwa, vyombo vyake viliuzwa, nami nikaajiriwa kwa siku moja kupakia mashine ya kukereza kwenye lori. Mashine hiyo hufunga kipande cha chuma na kukizungusha huku kisu kigumu kikikichonga. Ilikuwa imetengenezwa Uingereza, nzito kuliko fahali wawili, na imejaa magurudumu ya meno upande wa kushoto. Mnunuzi alikuwa fundi mmoja wa makamo mwenye karakana Homa Bay. Kila tulipopumzika nilimwuliza: hili gurudumu kazi yake nini, na hili, na kwa nini hili lina meno mengi kuliko lile. Alijibu mara nne. Mara ya tano akasema, "Wewe, panda lori. Utaniuliza njiani."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo ninaikumbuka kwa aibu kuliko zote.

Fundi alikuwa Msabato. Ijumaa jua likielekea kuzama alizima injini ya dizeli iliyokuwa ikiendesha mashine kwa mkanda, akafagia, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, na karakana haikufunguliwa tena mpaka Jumapili asubuhi. Mimi nililala humo humo nyuma, kwenye chumba cha vyuma, na ufunguo ulikuwa wangu. Aliniita Ja-Migori, yaani mtu wa Migori, ingawa nilimwambia kwetu si Migori.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Jambo lolote la kuhesabu lilihesabiwa na watu wawili. Kila mmoja alihesabu peke yake, kimya, kisha akaandika namba yake sakafuni kwa chaki na kuifunika kwa kiganja. Halafu tulifunua pamoja. Zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, tunaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni anapiga kelele. Fundi aliyemfundisha yeye, aliniambia, alikuwa amepungukiwa na macho akaona haya kusema, na siku moja kipimo kibaya kilimkata mwenzake vidole viwili.

"Na mimi macho yangu yameanza," alisema. "Usiwaambie watu. Siku nitakayohesabu vibaya, nitauza mashine hii niende nyumbani nikalime mtama. Sitangoja kidole cha mtu."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini niliona anavyosogeza rula karibu na pua. Mashine ile alikuwa ameitamani miaka kumi. Ikatokea kwamba alipoipata, macho ndiyo yakaanza kumuaga. Tangu siku hiyo kila tulipofunua viganja nilimwangalia usoni kwanza, kabla ya kuangalia chaki. Namba zilipolingana alipumua kama mtu aliyetua gunia.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Magunga. Alikuwa mpishi wa padri Mholanzi kwa miaka mingi, na padri aliporudi kwao alimwachia kinu cha kukamulia mafuta ya karanga. Kilikuwa na parafujo nene kama mkono wa mtoto, imesimama wima. Unazungusha mtaimbo juu, parafujo inashuka na kukandamiza karanga kwenye pipa. Parafujo ilipita katika nati ndefu ya shaba, na nati hiyo ilikuwa imelika ndani mpaka ikawa laini. Kinu kizima alikuwa amekileta juu ya basi.

"Padri aliniambia chuma cha Uholanzi hakifi," alisema akijifuta jasho kwa leso. "Yeye ameenda, na chuma kimemfuata."

"Hakijafa, mama," fundi alimwambia. "Kimekufa koo tu. Tutakitia koo jipya."

"Kabla ya mavuno ya karanga?"

"Kabla."

Akanigeukia mimi. "Wuoda," aliniita, mwanangu, "huyu mzee ni mkweli au ni fundi?"

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno.

Nati mpya ilipaswa kuchongwa ndani nyuzi zinazofanana kabisa na nyuzi za parafujo ile, yaani ile njia inayozunguka kama ngazi. Na hapo ndipo tulipokwama. Mashine yetu ilizaliwa Uingereza, ikajua inchi tu. Parafujo ilizaliwa Uholanzi, ikajua milimita tu. Mashine ya kukereza huchonga nyuzi kwa kupanga magurudumu ya meno, zile gia za upande wa kushoto: ukibadilisha gia, nyuzi zinakuwa pana au nyembamba. Tulijaribu kila mpango tuliouweza. Tulichonga nati za majaribio kwa mti mgumu kwanza, kisha kwa vipande vya bomba. Kila moja iliingia kwenye parafujo mizunguko mitatu, minne, kisha ikagoma. Kwa macho zilikuwa sawa. Lakini kila mzunguko uliongeza kosa dogo juu ya kosa dogo, mpaka chuma kikakataa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani, lazima niseme. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda tatizo lile. Nililala nikipanga gia kichwani.

Kwenye kitabu kilichochakaa kwa grisi, kilichokuja na mashine, fundi aliniomba nimsomee sura ya nyuzi. Nilikisoma polepole kwa Kiingereza changu cha darasa la sita. Kilisema inchi tano ni milimita mia moja ishirini na saba kamili, hazizidi wala hazipungui. Kwa hiyo ukiweka gia yenye meno mia moja ishirini na saba kati ya zile nyingine, mashine ya inchi itachonga milimita bila kosa. Gia hiyo ilipaswa kuwa sandukuni. Haikuwamo. Tuliandika barua Nairobi. Wakajibu kwamba labda itoke ng'ambo, miezi mingi.

"Basi tutaitengeneza," fundi alisema.

Tuliyeyusha pistoni za aluminiamu za malori yaliyokufa, tukamwaga kwenye kalibu ya mchanga uliotolewa ufuoni. Ya kwanza ilitoka na mashimo kama mkate. Ya pili ilikuwa safi, duara pana kama sahani ya ugali wa watu watatu. Sasa ilibaki kugawanya ukingo wake sehemu mia moja ishirini na saba zinazolingana, jambo gumu, maana namba hiyo haigawanyiki kwa kitu chochote. Fundi akabuni njia. Tungetengeneza gurudumu la mbao, tulifunge nyuma kwenye mashine, tulizungushie ukanda wa karatasi wenye mistari iliyochorwa kwa kipimo kimoja. Unasogeza mstari mmoja, unachonga pengo moja la jino kwa kusukuma kisu kwa mkono, mbele na nyuma, bila injini. Unasogeza mstari wa pili, na kadhalika mpaka urudi ulikoanzia.

Kuchora mistari ilikuwa kazi yangu, kwa sababu ya macho. Nilichora mia moja ishirini na saba kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Ijumaa jioni nilikunja ukanda juu ya gurudumu la mbao, nikalipunguza mbao kidogo kidogo mpaka mstari wa kwanza ukalala sawasawa juu ya mstari wa mwisho. Ulikuwa unapendeza.

Fundi alinawa mikono. "Usiguse," alisema. "Jumapili tutahesabu ukanda sisi wawili, kabla ya kukata hata jino moja."

"Sawa, mzee."

Jumamosi asubuhi nilimwona akipita na mke wake, amevaa koti, Biblia kwapani. Alinipungia mkono. Nilingoja mpaka walipopotea kwenye kona, nikafunga mlango kwa ndani.

Sikuwa na sababu nzuri, na sitatunga moja hapa. Nilitaka tu kuona gia ile ikizaliwa, na nilitaka izaliwe mikononi mwangu. Nilijiambia kwamba injini haitalia, kwa hiyo Sabato ya mtu haitavunjika. Nilisukuma kisu mbele na nyuma siku nzima, unga wa aluminiamu ukinijaa nywele, mkono wa kulia ukifa ganzi. Watu wa kanisani waliporudi jioni, nilikuwa nimeweka gia mezani, nimeifuta kwa kitambaa, inang'aa kama samaki.

Ndipo nikahesabu. Meno mia moja ishirini na sita.

Nilitia alama ya chaki kwenye jino la kwanza nikahesabu tena. Mia moja ishirini na sita. Nikaufungua ukanda nikahesabu mistari: mia moja ishirini na saba. Niliketi chini. Ilinichukua muda kuona nilichofanya. Mistari ilikuwa kamili, lakini mstari wa kwanza na wa mwisho nilikuwa nimelaza mmoja juu ya mwingine, ikawa mmoja. Meno hayakatwi na mistari, yanakatwa na nafasi kati ya mistari, na nafasi zilikuwa pungufu kwa moja. Kama tungehesabu wawili, fundi angeona. Hata kama asingeona, angeuliza, na mimi katika kumjibu ningeona.

Ingetosha kusema. Pistoni zilikuwapo bado, karatasi ilikuwapo. Tungepoteza siku nne. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba niliikata siku ya Sabato, ndani ya karakana yake, kwa ufunguo alionipa.

Jumapili alipoingia aliitazama gia muda mrefu bila kuigusa.

"Uliikata jana."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuambia nini?"

Aliangalia mlangoni, kana kwamba anamtafuta mtu mwingine wa kumwuliza. Kisha akavuta kigoda. "Haya. Leta chaki."

Alihesabu kwa kidole, uso wake karibu na meno, midomo ikitembea. Mimi nilijifanya nahesabu. Tuliandika, tukafunika, tukafunua. Yeye aliandika 126. Mimi niliandika 127.

Nilimwangalia usoni, kama kawaida yangu. Sijui niliona nini kikimtoka, lakini kilitoka. Alirudia. Alikuwa na haki ya kurudia, ndiyo desturi. Akaandika tena 126, nami tena 127.

"Hesabu kwa sauti," aliniambia. "Kidole chako juu ya jino, nikiwa naangalia."

Nikahesabu kwa sauti. Mahali fulani kwenye sabini na kitu, kidole changu kiligusa jino moja mara mbili. Nilifanya haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Nikamaliza: mia moja ishirini na saba.

Fundi aliifuta namba yake kwa kiganja. Alisugua mpaka sakafu ikabaki nyeupe. "Ni saba," alisema. "Umeona, Ja-Migori? Imeanza."

Tulichonga nati. Kazi ya mwisho aliniachia, kwa sababu ilikuwa ya macho. Niliijaribu kwenye parafujo: mizunguko saba, ikagoma. Nilijua kwa nini. Niliirudisha kwenye mashine, nikapanua nyuzi zake nywele moja, nikajaribu, nikapanua tena, mpaka ikateremka mpaka chini. Mtu aliyefanya hivyo anajua alichofanya. Nyuzi zote zilikuwa zimelegea isipokuwa moja au mbili, na hizo ndizo zingebeba mzigo wote.

Fundi aliitikisa. "Inacheza."

"Ni mafuta, mzee."

Mama wa Magunga alikuja kuichukua. Alizungusha mtaimbo kwa kidole kimoja, akapiga kigelegele hapo hapo mlangoni, wapita njia wakageuka. Alimletea fundi kuku na mimi akaniletea sabuni, akisema nikitakata kidogo nitapata mke.

Alirudi baada ya majuma matatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa leso shingoni. Alikuwa akikamua pipa la kwanza kubwa la mavuno, amening'iniza uzito wake wote kwenye mtaimbo, nati ikaachia ghafla. Alianguka juu ya kifundo cha mkono kikavunjika. Alikuwa amekuja na nati ndani ya kikapu, na alikuja kuomba radhi.

"Nimewaharibia kazi nzuri," alimwambia fundi. "Nilivuta kama punda. Padri alikuwa ananiambia, mama, polepole."

Fundi aliigeuza nati kwenye mwanga, akaingiza kidole ndani. Uzi wa kwanza ulikuwa umeng'oka wote. Nyingine hazikuguswa. "Hukuvuta vibaya," alisema. "Nyuzi hazikulingana. Nilipima parafujo yako vibaya. Ni macho yangu, mama. Nisamehe."

"Macho?"

"Hata kuhesabu nilihesabu vibaya, huyu kijana akanisahihisha. Nilipaswa kuacha siku ile."

Mama akanitazama. "Basi umshike vizuri, wuoda," alisema. "Yeye ana bahati ana wewe."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nilikuwa na ulimi. Nikaokota ufagio nikaanza kufagia.

Fundi alimpa nati ya mti mgumu aliyoichonga kwa mkono, kwa patasi, akifuata parafujo yenyewe kwa kuipapasa. Ilimchukua siku tano na macho hayakuhitajika sana. Ilikamua polepole, lakini ilikamua. Kisha akawaambia watu kwamba mashine inauzwa. Mnunuzi alipopatikana akasema atakuja kuona kila kitu, gia zote moja moja, nikashikwa na hofu. Nilichukua ile gia, nikatembea nayo mpaka mwisho wa gati, nikaitupa ziwani. Asubuhi yake nikapanda basi la Migori bila kuaga.

Migori nilipata kazi kwenye mtambo wa sukari nguru, kukoroga maji ya miwa kwenye karai. Ni kazi inayokupa muda wa kufikiri, nami sikuutaka. Sikumwuliza mtu maswali. Wenzangu walidhani mimi ni mtu mpole.

Baada ya msimu mmoja na nusu nilikwenda Sori, karibu na ziwa, ambako nilijua ndiko kwao fundi. Nilimkuta fundi nje ya nyumba yake amekaa kwenye mkeka, anachambua maharagwe, uso wake haukuinama kama zamani. Alikuwa anatumia vidole tu. Hakuangalia maharagwe kabisa.

"Ja-Migori," alisema aliponisikia. "Ulikwenda bila kula."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Sabato, ukanda, mstari juu ya mstari, meno mia moja ishirini na sita, kidole changu kilichogusa mara mbili, nati niliyoipanua. Nilizungumza haraka, kwa sababu niliogopa kwamba nikipumzika sitaendelea.

Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza swali la kifundi, sauti yake ikiwa ile ya karakana. "Ulilaza wa kwanza juu ya wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Basi ilipaswa uchore mia moja ishirini na nane."

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa, na kwa muda kidogo nilidhani anafurahi, kama alivyokuwa akifurahi tatizo linapofunguka. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo siku ile macho yangu yalikuwa mazima."

"Yalikuwa mazima."

"Na mama yule?"

"Nilipita Magunga kwanza. Nimemwambia. Mkono ulipona umepinda. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia nije kwako, kisha akafunga mlango."

Alinyoosha mkono kuelekea kwangu, kiganja juu. "Nipe hiyo gia. Nitaihesabu kwa kidole."

"Sinayo. Niliitupa ziwani."

Mkono ulibaki umenyooka hivyo hivyo, mtupu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Ndani ya nyumba mke wake alikuwa anapakua, nilisikia sufuria.

"Mashine iko Kisii," alisema. "Niliiuza kwa yule aliyenipa bei ya kwanza." Akaurudisha mkono kwenye maharagwe. "Uliniambia ni saba, nikaamini neno lako nikaacha jicho langu. Leo unaniambia ni sita. Sasa nihesabu nini mimi? Kuna kitu gani hapa cha kuhesabu?"

Mke wake alitoka na maji ya kunawa, akanichangamkia, akanisogezea bakuli. Nilinawa. Fundi naye alinawa mpaka kwenye viwiko, akaomba baraka ya chakula kwa sauti ya chini, akanitaja na mimi ndani yake kama mgeni. Tulikula. Nilipoondoka hakuniuliza ninakokwenda, na hakuniita kwa jina lile la Migori tena.